Wimbo Niliosema ni wa Babu Yako

Hillbrow, Jumanne jioni

Rehema mwanangu,

Barua hii si ya kukujulia hali. Hali yako naisikia kutoka hapa mezani: uko chumba cha pili unapambana na zipu ya begi, na mama yako anakwambia kwa Kizulu kwamba ukilazimisha utaiharibu. Habari za masweta, za pasipoti, za mtu atakayekupokea Dublin na namba yake ya simu, zote mama yako amezimaliza, na mimi nisingeziweza vizuri kama yeye. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka saba.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa najua utakisoma kwa taabu. Ukikwama soma kwa sauti, maana masikio yako yanakijua kuliko macho yako. Kiingereza changu ni cha kuuzia makabati. Jana nilijaribu kuandika jambo hili kwa Kiingereza, nikajikuta naandika kama fundi anayeomba radhi kwa kumcheleweshea mteja kochi lake. Nikachana.

Jambo lenyewe unalijua. Ule wimbo ni wako. Uliutunga wewe, nikauchukua mimi, nikasema ni wa babu yako. Nimeona niliandike hapa juu kabisa, kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na kwa kujitetea sijambo. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, si ili unielewe. Ni kwamba kuna sehemu za habari hii ambazo wewe hukuwapo.

Hukuwahi kuniuliza mtu wa Tanga, mwenye kofia yake na tasbihi mfukoni, aliupata wapi ugonjwa wa kupiga banjo muziki wa wakulima wa milima ya Amerika. Mama yako alikuwa na mimba yako. Mtu mmoja aliniletea banjo karakana kule Jeppestown, shingo imeng'oka, akauliza kama fundi wa viti anaweza kuigundisha. Niliigundisha. Hakurudi kuichukua, sijui kilimpata nini, na baada ya mwaka nikaacha kumngoja. Ina nyuzi tano, na ule wa tano ni mfupi, unaanzia katikati ya shingo kana kwamba umechelewa kufika. Niliufungia uzi usio wake, nikazivaa zile kucha tatu za bandia za kupigia nyuzi alizoziacha ndani ya kasha, na kwa miezi sita jirani zetu wa ghorofa ya nane walinichukia. Mlio wenyewe niliujua. Nilipokuwa mdogo, kwenye harusi za Tanga, vikundi vya taarabu vilikuwa na banjo, na sisi watoto tulisikilizia nje ya uzio.

Nasema nje ya uzio kwa sababu ndiyo kweli yote niliyo nayo. Babu yako hakuwa na ala ya muziki maishani mwake. Alikuwa karani wa bandari. Redio yetu ilikuwa ya taarifa ya habari na Kurani, na muziki ukianza aliizima, si kwa ukali, bali kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Sikurithi kwake hata mluzi.

Halafu nikapeleka kabati mtaa wa Observatory, kwa Oom Faan; oom na tannie, mjomba na shangazi kwa Kiafrikana chao, nasi tuliwaita hivyo hivyo. Wewe ulimjua akiwa mzee mnene wa kucheka. Siku ile alikuwa ameniambia nilipitishe gereji, na gerejini nikakuta watu wanane wamekaa duara na magitaa, fidla, mandolini, na Tannie Elna amelikumbatia lile gitaa la besi la kusimama lililomzidi kimo. Nilisimama na kabati mgongoni mpaka wimbo ukaisha. Oom Faan akaniuliza kama napiga. Nikasema kidogo. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimekaa kati yao, na sijawahi kukosa Jumapili isipokuwa Idi ikiangukia siku hiyo.

Unajua adabu za duara lile, lakini acha niseme, maana kosa langu limo humo. Zamu inazunguka. Mwenye zamu anachagua wimbo, na kabla hajaupiga anasema ameupata kwa nani. Si lazima iwe hadithi ndefu. Tannie Elna atasema, huu niliupata kwa shangazi yangu aliyekuwa akiupiga akisubiri mkate uive. Papa Lwamba, yule fundi cherehani wa Lubumbashi, atasema ni wa mjomba wake wa mgodini. Watu wanatikisa kichwa, kisha wanapiga kwa heshima zaidi, kana kwamba shangazi mwenyewe yuko mlangoni. Na zamu ilipofika kwangu nilikuwa nasema, huu niliupata kwenye intaneti. Walitikisa kichwa pia, kwa upole, na upole ule uliniuma.

Walikuwa wakiniambia, Bakari, tupe kitu cha kwenu. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Nikawa nasema Jumapili ijayo. Walidhani nina sanduku zima la nyimbo ambalo naona haya kulifungua. Ningeweza kusema sina. Maneno hayo hayazidi matatu, baba yangu hakupiga, na hakuna mtu ambaye angenifukuza. Lakini katika mji huu nilikuwa nimezoea kuwa mtu asiye na kitu kila mahali, foleni ya makaratasi, karakana, hata kwa wakwe zangu. Pale gerejini walikuwa wananitazama kama mtu aliyetoka mahali penye kitu. Sikutaka kuwaharibia, au tuseme sikutaka kujiharibia.

Wewe ulikuwa na miaka minane nilipokuletea ile mandolini iliyopasuka mgongo. Niliigundisha jinsi ninavyogundisha meza. Ulijifunza kwa mwaka mmoja vitu nilivyohangaika navyo minne. Mbele ya watu nilijisifu, nyumbani niliona wivu kidogo, na hilo sijawahi kumwambia mtu. Jumapili tulikuwa tunapanda pamoja mpaka Observatory, unakaa kulia kwangu, unakata mapigo yako makavu katikati ya mapigo yangu. Nyumbani mimi nilisema Kiswahili, wewe ukajibu Kiingereza, mama yako akatugombeza kwa Kizulu, na mara nyingi sikujua kama umenielewa au umechoka tu. Kwenye nyuzi sikuwahi kuwa na shaka. Nikiinua kidole ulijua. Kwa hiyo ufahamu nilichokivunja ni kipi. Tulikuwa na lugha moja ya kuelewana sawasawa, na hiyo ndiyo niliyoichafua.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Maji yalikuwa yamekatika siku ya tatu, na ulikuwa umekaa ndani ya bafu kavu na sare ya shule, kwa sababu ulisema mlio unakuwa mzuri mle. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo. Ulikuwa unapiga kitu nisichokijua. Sehemu ya kwanza inashuka ngazi polepole, ya pili inapanda, na pale unapotegemea irudi nyumbani hairudi. Nilikuuliza ni wa nani. Ukasema, wangu, nimeutunga wiki hii. Niliweka ndoo chini. Nilitaka kusema kitu kikubwa, nikasema kaza uzi wa pili, umelegea.

Ikaja miezi ya mitihani yako, nikawa naenda Jumapili peke yangu. Siku moja zamu ilinifikia na Oom Faan akaniambia, si kwa kunichokoza, kwamba ana miaka sabini na sita na angependa kusikia kitu cha Tanga kabla hajafa. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kupiga wimbo wako kabla sijaamua. Naandika hivyo na najua ni uongo mwingine, maana vidole haviendi peke yake. Niliuanza kwa makusudi. Na kabla ya kuupiga nilisema, kwa sauti ya chini kama wanavyofanya wao, kwamba niliupata kwa marehemu baba yangu.

Safari hii hawakutikisa kichwa tu. Tannie Elna alifuta macho. Nilirudi nyumbani nikikanyaga hewa kwa furaha, mwanangu, nikapitia kwenye kiduka cha spaza nikakununulia chokoleti, na ulipouliza ya nini nikasema ya mitihani.

Siku uliyorudi gerejini walikuwa wameshaujua wote. Ulichelewa kwa sababu ulipitia kwa rafiki yako, ukaingia wakati watu wanane wanaupiga, na mimi ndiye ninayeongoza. Ulisimama pale niliposimama mimi siku ya kabati. Walipomaliza ulisema, bila kupaza sauti, kwamba huo ni wako, umeutunga wewe. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na pumzi moja ya kuchagua.

Nikacheka. Nikasema, "Mtoto ameusikia kwangu tangu anabebwa mgongoni, sasa anaona ameutunga mwenyewe."

Wakacheka nao, kwa wema, kama watu wazima wanavyocheka. Wewe ulinitazama. Nilijiandaa kwa hasira na haikuwa hasira. Ulikuwa unanikagua tu, kutaka kujua kama nayaamini niliyosema. Kisha ukaitia mandolini ndani ya kasha, ukafunga vishikizo vyote viwili, ukakaa na mikono mapajani mpaka mwisho. Tuliteremka kwa miguu kupitia Yeoville, na kila tuliposimama kwenye robot, taa za magari, ulisimama upande wa pili wa nguzo. Njia nzima nilikuwa napanga majibu. Ulipofika nyumbani ukauliza kuna chakula gani.

Majibu yale bado ninayo yote. Hukuwahi kuyahitaji, maana hukuuliza tena, na hukupiga tena. Niliwaambia watu ni masomo, baadaye nikawaambia wasichana wakikua huwa hivyo. Oom Faan alisikitika sana. Alisema mkono kama wako haupatikani ovyo.

Mama yako alijua toka siku ya kwanza, kwa sababu bafuni hakukuwa na mlango wa kuzuia sauti. Alinisubiri wiki nzima niseme mwenyewe. Halafu akaniambia, "Ulimwaibisha mbele ya watu. Kamrudishie mbele ya watu hao hao." Hakurudia. Tangu siku ile mama yako ananipikia, ananicheka, ananiuguza nikiumwa, lakini nikishika banjo anatoka chumbani. Ulidhani hapendi kelele.

Nikasema Jumapili ijayo. Unajua nilivyo na Jumapili zijazo. Na wimbo nao haukungoja, ulinawiri. Waliupa jina, wakauita Tanga tu. Wageni walikuja na kurekodi kwa simu. Mara mbili nilijaribu kusema nusu nusu, kwamba mwanangu naye alichangia kidogo, kwamba ameuchangamsha pale kati. Uzi ukipanda kupita sauti yake, fundi haushushi kidogo kidogo mpaka aone unakaribia. Hautashika, utateleza katikati ya wimbo. Anaulegeza mpaka chini kabisa, kisha anaupandisha upya. Hilo nililifundisha watu wengi. Wewe nilikufundisha ukiwa na miaka tisa. Mwenyewe nilipata nafasi ya kulifanya nikashusha kidogo tu, nikaona inatosha.

Oom Faan alipofariki familia yake iliomba niupige kaburini. Mchungaji alisema ni wimbo uliotoka kwa baba kwenda kwa mwana toka pwani ya mbali. Nilikuwa nimesimama na kucha zangu vidoleni mbele ya jeneza la mtu aliyenipa kiti, nikaupiga mpaka mwisho, na watu wakanishika mkono. Sikutaja jina lako. Nilijiambia siwezi kumfanya marehemu mjinga mbele ya watoto wake. Siku zote nimekuwa na sababu nzuri.

Kuna adhabu nyingine ambayo sikuitegemea. Uongo ukiusema miaka saba, unauona. Nikimkumbuka baba yangu sasa, namwona barazani na banjo, kidole gumba kinagonga uzi wa tano. Hakuwahi kuishika. Namtafuta yule karani anayezima redio, namtafuta kwa nguvu, na kila nikimpata ana banjo mapajani. Nilimpa wimbo asioutaka, nikampoteza na yeye. Sina mtu wa kumlaumu na sina mtu wa kuniambia alikuwaje, kwa sababu ndugu zangu wote wametangulia, na makaratasi yangu unayajua, nikitoka nchi hii sirudi. Ndiyo maana vilevile siwezi kukufuata Dublin. Mama yako anasema miaka miwili si mingi. Mimi nimekuangalia unavyoaga vitu ndani ya nyumba hii na naona huagi kama mtu anayeondoka kwa miaka miwili.

Jana asubuhi mama yako aliweka kasha la mandolini juu ya begi lako. Jioni nimelikuta chini ya kitanda, limesukumwa mpaka ukutani. Sikulalamikii. Nimeandika tu kwamba nimeona.

Jumapili nilienda kusema. Hukuniuliza nimeenda wapi na shati la Ijumaa. Tumebaki sita, tunakutana verandani kwa Tannie Elna kwa sababu gereji imeuzwa pamoja na nyumba. Zamu iliponifikia nilivua kucha, nikaweka banjo sakafuni, nikasema yote. Nilisema baba yangu hakupiga chochote. Nilisema siku ile mtoto wangu alisema kweli na mimi nikamcheka. Nilidhani nitajisikia mwepesi, kama wanavyosema. Nilijisikia mzee.

Mmoja alisema kwamba wimbo mzuri ni wa watu wote, na najua alitaka kunisaidia, ila hata ningekuwa na akili za kitoto nisingeupokea msaada huo. Papa Lwamba hakusaidia. Alivua miwani akaniambia, "Ndugu yangu, uliibiaka mtoto yako. Si mimi, si huyu mama. Mtoto yako." Kisha akavaa miwani na hakunitazama tena mpaka tulipoachana.

Tannie Elna aliniuliza maswali mawili. Aliuliza mtoto aliuita jina gani. Rehema, silijui. Niliuchukua wimbo wako, nikaupiga Jumapili zaidi ya mia tatu, na sikuwahi kukuuliza unaitwaje. La pili aliuliza kama ndivyo ulivyo hasa, kama tunaupiga kama wewe ulivyoupiga. Nikataka kusema ndiyo. Ndipo nikakumbuka ile sehemu ya pili, pale ambapo wimbo haurudi nyumbani. Siku niliyowapa wimbo sikuweza kuikumbuka, nikaujazia mwisho wa kawaida, ule tunaoutia kwenye nyimbo zote. Ndivyo walivyojifunza, ndivyo ulivyorekodiwa, ndivyo nilivyoupiga kaburini. Kilicho changu ndani ya wimbo ule ni kosa hilo tu. Kila mtu anaupenda na hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia.

Tannie Elna akasema basi nenda kamwombe akuonyeshe, tujifunze upya, tuupige kwa jina lake. Nikateremka Yeoville nikikimbia, mtu mzima wa umri wangu. Nilifikiri nimepata kitu cha kukupa kabla hujaondoka.

Nilisimama mlangoni kwako na banjo. Nilikwambia nimewaambia wote. Ulikuwa unakunja nguo, ukaendelea kukunja, ukasema sawa, Baba, asante. Nikakuomba unipigie sehemu ya pili, mara moja tu, au uniimbie kwa mdomo kama vidole vimekufa ganzi. Ulifikiri kidogo. Ukasema, "Nimeusahau, Baba." Ukanigeukia na uso ule ule wa gerejini, ila sasa wewe ndiye uliyekuwa na neno na mimi ndiye niliyekuwa nakagua kama ni kweli.

Toka juzi nimekaa na maneno hayo mawili. Unaweza kuwa umeusahau kweli. Miaka saba ni mingi, na kidole kisichogusa kinapoteza. Kama ndivyo, basi haupo tena duniani, na aliyeuua ni mimi, na hakuna duara la watu nitakalokwenda kusimama mbele yake nikaurudisha. Au unao wote, na jina lake, na ukanitazama usoni ukaamua kwamba mimi si mtu wa kupewa.

Sikuombi unijibu. Sala yangu ya alfajiri kesho, kabla ya gari la uwanja wa ndege, itakuwa fupi. Nitamwomba Mungu iwe umeninyima.

Baba yako,
Bakari